Nyonga Bandia: Wakati wa Kupasuliwa na Hatari Zinazofaa Kujulikana

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, kuhusu upasuaji wa kubadilisha kiungo cha nyonga. Mfano uliotumika ni wa Mkoa wa Singida, Tanzania Bara.



Maradhi ya nyonga ni miongoni mwa maradhi ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka mingi bila ya kuyatambua. Maumivu yake aghalabu hayasikiki ubavuni, kama watu wengi wanavyodhani, bali kwenye kinena, mbele ya paja, na mara nyingine gotini. Kwa sababu hiyo wapo watu wanaochua magoti yao kwa dawa mwaka hadi mwaka, na hali goti halina kosa lolote. Hatimaye mgonjwa hushindwa kukata kucha za miguu yake, hushindwa kuchuchumaa chooni, na usiku hakai upande mmoja akapata usingizi. Jamaa humwambia kuwa huo ni uzee, na yeye mwenyewe huamini.

Mgonjwa huyo anapofika hospitali na kuelezwa habari ya nyonga bandia, humjia masuali mawili. La kwanza, je, upasuaji huo una hatari gani? La pili, je, wakati wake umekwishafika, au inafaa kusubiri? Mazungumzo haya yanakusudia kuyajibu masuali hayo mawili, kwani mtu anayeyajua majawabu yake huamua kwa utulivu, na asiyeyajua huamua kwa hofu.

Kwa Nini Singida

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania Bara, mbali na bahari, na huenda msikilizaji wa Unguja au Pemba akauliza unamhusu nini. Jawabu ni kwamba hali za watu wa pande hizo mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu takriban milioni 2 katika Mkoa wa Singida, na watu takriban milioni 1.9 Zanzibar. Wakaazi wengi wa Singida ni wakulima wa alizeti, mtama, uwele na vitunguu, ambao hulima kwa jembe la mkono na hutembea masafa marefu. Kutoka mjini Singida hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 240, na hadi Dar es Salaam ni kiasi cha kilomita 700. Mgonjwa wa Mkalama anayehitaji kuonana na bingwa wa mifupa hana budi kutafuta nauli, mtu wa kumsindikiza na mahali pa kufikia, sawasawa na mgonjwa wa Micheweni anayelazimika kuvuka bahari. Kwa hivyo lile linalomsaidia mkulima wa Singida kuamua vyema, humsaidia pia mkulima wa karafuu na mvuvi wa visiwani.

Kiungo Chenyewe na Maradhi Yake

Mwisho wa juu wa mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo katika mfupa wa nyonga. Kichwa na kikombe vyote viwili vimefunikwa kwa gegedu, ambalo ni tabaka jeupe lenye kuteleza. Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa, na hapo ndipo maumivu na ukakamavu hutokea.

Sababu za kulika huko ni nyingi. Zipo za umri na uzito wa mwili. Zipo za ajali ya zamani. Zipo za kasoro ya nyonga iliyoanza utotoni. Na yapo maradhi ya baridi yabisi na kifua kikuu cha kiungo. Aidha, kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu. Jambo hilo huwapata watu wenye selimundu, watu wanaokunywa pombe kwa wingi, na wale waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Sababu hiyo ina uzito wa pekee katika nchi yetu, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Ndiyo maana katika wodi za mifupa mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 25 huweza kulazwa kwa tatizo la kiungo kile kile.

Katika upasuaji wenyewe, daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, hukisafisha kikombe na kuweka kikombe kipya, kisha huingiza mhimili wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Juu ya mhimili huo huwekwa kichwa kipya cha chuma au cha kauri. Vifaa hivyo hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa, au huachwa mfupa wenyewe uote na kuvishika. Kazi hiyo hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au kwa usingizi kamili, na kwa kawaida huchukua muda wa saa 1 hadi 2.

Upasuaji huu haukufikia hali yake ya leo kwa siku moja. Daktari Mwingereza John Charnley alianza kwa kutumia kikombe cha plastiki ya aina ya Teflon mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki hiyo ililika upesi, na wagonjwa wake wengi walilazimika kupasuliwa tena. Mwezi wa Novemba 1962, katika Hospitali ya Wrightington, alianza kutumia plastiki ngumu zaidi ya polithini, na huo ndio msingi wa nyonga bandia za leo. Baada ya hapo aliishughulikia hewa ya chumba cha upasuaji, mavazi ya wapasuaji na usafi wa vyombo, na maambukizo yakapungua sana. Kutokana na historia hiyo yapo mafunzo mawili ambayo hayajapitwa na wakati: kifaa kibaya humrejesha mgonjwa mezani, na usafi ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Hapa nchini upasuaji huu hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na katika hospitali nyengine kubwa. Kwa mkaazi wa Singida, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 2015, imeleta huduma za kibingwa karibu zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Hata hivyo, mahali pa kuanzia ni hospitali ya wilaya na ile ya rufaa ya mkoa, ambako mgonjwa hupimwa, hupigwa eksirei na kupewa barua ya kumfikisha panapostahili.

Wakati wa Kupasuliwa

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Wazee hao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo la nyonga, misemo yote miwili ni ya kweli, na kila mmoja una mgonjwa wake.

Msemo wa kwanza unamhusu mtu ambaye nyonga yake inalika polepole. Kwa mtu huyo upasuaji si jambo la dharura. Inafaa kwanza ajaribu dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari, mazoezi ya viungo, kupunguza uzito ikiwa umezidi, na bakora inayoshikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa nyonga inayouma. Wapo wanaopata nafuu ya miaka kwa njia hizo tu.

Sababu ya kutofanya haraka ni kwamba nyonga bandia nayo huchakaa. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, kwa kutumia kumbukumbu za nchi zilizohifadhi takwimu kwa muda mrefu, ulionesha kwamba katika kila nyonga 100, kiasi cha 89 hudumu miaka 15, kiasi cha 70 hudumu miaka 20, na kiasi cha 58 hudumu miaka 25. Uchunguzi mwengine wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2017, ulionesha kwamba mtu aliyewekewa nyonga akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70 ana nafasi ya kiasi cha 5 katika 100 tu ya kuhitaji upasuaji wa pili katika uhai wake. Kwa mwanamume aliyewekewa akiwa na miaka 50 na kidogo, nafasi hiyo hufika hadi 35 katika 100. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: mfupa umepungua, damu nyingi zaidi hupotea, na gharama huzidi.

Hata hivyo, takwimu hizo zisifahamike kuwa ni katazo kwa kijana. Kijana mwenye selimundu ambaye kichwa cha mfupa wake kimeporomoka, asiyeweza kwenda skuli wala kazini, haambiwi asubiri hadi afike miaka 60. Huelezwa ukweli kwamba huenda akahitaji upasuaji mwengine mbele, kisha yeye na daktari wake hupima lipi lina madhara zaidi: miaka 20 ya kutembea na upasuaji wa pili baadaye, au miaka 20 ya kukaa kitako.

Msemo wa pili unamhusu yule anayengoja kupita kiasi. Mgonjwa anayechechemea kwa miaka mingi hudhoofika misuli ya paja na makalio, nyonga hukakamaa, mguu huonekana mfupi, na uti wa mgongo na goti la upande wa pili huanza kuuma kwa kubeba mzigo usio wao. Mfupa wa kikombe huendelea kulika hata daktari akakosa mahali pazuri pa kukishikiza kikombe kipya. Anayepasuliwa katika hali hiyo hupata nafuu, lakini aghalabu haipati nafuu ile ambayo angeipata miaka miwili au mitatu kabla.

Chukua mfano wa mama mkulima wa Iramba mwenye umri wa miaka 62. Maumivu yamemzidi kwa miaka minne. Akiweza kulala usiku kucha, akiweza kwenda sokoni na kurudi, na dawa ya kawaida ikimtosha, hana haja ya kufanya haraka. Lakini ikiwa maumivu humwamsha kila usiku, dawa hazimsaidii tena au zimeanza kumdhuru tumbo na figo, hawezi kutembea hata masafa ya nyumba chache bila ya kupumzika, na eksirei inaonesha kuwa mfupa unasagana na mfupa, basi wakati wake umefika. Kinachotazamwa si umri wake peke yake, wala si eksirei peke yake, bali ni maisha anayoishi pamoja na hali ya mwili wake kuweza kuhimili upasuaji.

Nyonga Iliyovunjika Haingoji

Yapo maradhi ya nyonga ambayo hukumu yake ni nyengine kabisa, nayo ni kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja. Hili huwapata zaidi wazee, hasa wanawake, ambao mifupa yao imepungua nguvu. Bibi huteleza usiku akienda chooni, au hujikwaa kizingitini, na baada ya kuanguka hawezi kunyanyuka. Mguu huonekana mfupi na umegeukia nje.

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Jamaa humlaza ndani, humwita mtu wa kumchua au mganga wa kuunga mifupa, na husema kwa kuwa ni mzee basi aachwe apumzike. Inafaa ieleweke kwamba kulala kwenyewe ndiko kunakoua. Mzee asiyegeuka kitandani hupata vidonda vya mgongoni, nimonia, maambukizo ya mkojo na damu kuganda miguuni. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi, kiasi cha mtu 1 katika kila 4 au 5 kati ya wazee waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kumalizika. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa huyo apasuliwe siku ile ile anayopokewa hospitali au siku inayofuata.

Kwa mkaazi wa kijijini Singida siku hizo mbili huweza kupita njiani. Hilo lisiwe sababu ya kukata tamaa, bali liwe sababu ya kuondoka mapema. Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, mguu ukiwa umetulizwa kwa mito au kufungwa pamoja na mguu mzima, wala asivutwe wala kuchuliwa. Hospitalini huweza kuwekewa nusu ya nyonga, yaani kichwa cha chuma peke yake bila ya kikombe, au nyonga kamili ikiwa alikuwa bado mwenye nguvu na mwenye kutembea vizuri. Aliyechelewa wiki moja au mbili naye apelekwe, kwani kumwezesha kukaa na kusimama bila ya maumivu ni faida kubwa hata kama siku bora zimepita.

Hatari Zinazofaa Kujulikana

Hapana upasuaji usiokuwa na hatari, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia saini. Kwa nyonga inayobadilishwa kwa mpango, bila ya kuvunjika, hatari kubwa ni hizi zifuatazo.

Ya kwanza ni maambukizo. Katika hospitali zenye utaratibu mzuri humpata kiasi cha mgonjwa 1 katika kila 100. Vijidudu vikishashika juu ya chuma, dawa peke yake aghalabu haiviondoi. Mgonjwa huweza kuhitaji kuoshwa kiungo, au kuondolewa nyonga yote na kuwekewa nyengine baada ya wiki au miezi kadhaa.

Ya pili ni damu kuganda katika mishipa ya mguu na kipande chake kwenda kwenye mapafu. Huzuiwa kwa kumsimamisha mgonjwa mapema, mara nyingi siku ile ile au siku ya pili, na kwa dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo huweza kuendelezwa hadi wiki 5.

Ya tatu ni nyonga kuchomoka. Huwapata kiasi cha wagonjwa 2 au 3 katika kila 100, wengi wao katika miezi ya mwanzo, na aghalabu kwa sababu ya kuinama mno, kukaa kitako chini au kuupitisha mguu juu ya mwengine.

Ya nne ni kuumia kwa mshipa wa fahamu wa mguu, jambo ambalo humfanya mtu aburure unyayo. Si la kawaida, na wengi hupata nafuu kwa muda, lakini wapo ambao haliwaondoki.

Ya tano ni miguu kutolingana kwa urefu. Tofauti ndogo ni ya kawaida na mwili huizoea. Ikiwa kubwa, fundi viatu huongeza soli upande mmoja.

Ya sita ni mfupa kuvunjika wakati wa upasuaji au baadaye kwa kuanguka, na ya saba ni kifaa kulegea au kulika baada ya miaka.

Kifo kutokana na upasuaji wa mpango hutokea kwa chini ya mtu 1 katika kila 100, lakini hatari huongezeka kwa mwenye maradhi ya moyo, ya mapafu, au kisukari kisichodhibitiwa.

Mgonjwa wa selimundu anahitaji uangalizi zaidi. Hupoteza damu nyingi, hupata maambukizo kwa wepesi, na huweza kupatwa na maumivu makali au tatizo la kifua baada ya upasuaji. Kwa hivyo apasuliwe penye damu ya kutosha na daktari anayeyajua maradhi yake. Mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake vizuri na ambaye virusi vimepungua hazuiliwi kupasuliwa. Mwenye kifua kikuu cha nyonga hutibiwa kwanza kwa dawa, na upasuaji huamuliwa baadaye.

Maandalizi ya Mwili

Sehemu kubwa ya hatari hizo hupunguzwa kabla ya mgonjwa kufika hospitali. Sukari ya damu idhibitiwe. Upungufu wa damu utafutiwe sababu na kutibiwa. Anayevuta sigara aache angalau wiki 4 kabla. Jino bovu, kidonda cha mguu, maambukizo ya mkojo na majipu yatibiwe yamalizike. Aliyechanjwa chale nyongani au kupakwa dawa iliyoichubua ngozi asiiufiche ukweli huo, kwani kisu hakipiti penye ngozi yenye kidonda. Aliyedungwa sindano ya steroidi ndani ya nyonga aghalabu husubirishwa miezi 3. Hali kadhalika, mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba.

Maandalizi ya Nyumba

Nyumba nyingi za vijijini, Singida na Zanzibar, zimejengwa kwa desturi ya kukaa chini. Mama hupika akiwa juu ya kigoda, hula mkekani na hutumia choo cha kuchuchumaa. Kwa muda wa wiki 6 hadi 12 za mwanzo mambo hayo matatu ndiyo huweza kuichomoa nyonga mpya, na madaktari wengi hushauri kuwa kuchuchumaa sana kuepukwe moja kwa moja. Wapo wagonjwa waliopasuliwa vizuri wakaharibikiwa siku chache baada ya kurudi nyumbani kwa sababu hapana aliyefikiria habari ya choo.

Kwa hivyo kabla ya safari, seremala atengeneze kiti imara chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Kitanda kiinuliwe hadi goti lisipande juu kuliko nyonga mtu anapokaa. Jiko na ndoo ya maji viwekwe juu ya meza. Mikeka inayoteleza iondolewe njiani, na taa iwekwe panapopitwa usiku. Muislamu aliyepasuliwa anaweza kusali juu ya kiti, kwani sharia imempa mgonjwa nafasi hiyo. Na Mkristo aliyezoea kupiga magoti naye aulize kwa daktari lini aanze tena. Pikipiki za abiria ziepukwe. Jembe, mtungi wa maji na mzigo wa kuni viachiwe wengine kwa muda usiopungua miezi 3, na virejewe kwa idhini ya daktari tu.

Gharama, Safari na Kazi

Katika gharama zote, kifaa chenyewe mara nyingi ndicho ghali zaidi. Mwanachama wa mfuko wa bima aulize mapema, na apate jibu kwa maandishi, iwapo kifaa kimo katika mafao yake au atakichangia. Kwa watumishi wa Zanzibar suali hilo lielekezwe kwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Anayelipa mwenyewe aulize bei yote: upasuaji, kifaa, vipimo, dawa, siku za kulazwa, mazoezi ya viungo na magongo. Ndugu wawili watatu wajiandae kutoa damu.

Safari ya kurudi nayo ni sehemu ya matibabu. Anayesafiri kutoka Dodoma hadi Singida, au kutoka Dar es Salaam hadi Pemba, asiondoke kabla ya kuruhusiwa. Njiani akae kiti kirefu, achezeshe vifundo vya miguu, na asimame kila baada ya muda mfupi. Asisahau dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kuwa wiki za hatari hazimalizikii hospitalini.

Mtumishi wa ofisini huweza kurejea kazini baada ya kiasi cha wiki 6 hadi 12, kwa kutegemea hali yake. Wakuu wa kazi wanaombwa wazingatie cheti cha daktari, wampatie kiti cha urefu unaofaa, na wasimpandishe ngazi bila ya haja.

Dalili za Kurudi Hospitali

Mgonjwa na jamaa zake wazijue dalili hizi kwa moyo. Homa, jeraha linalotoa maji au usaha, au wekundu unaozidi: arudi hospitali, wala asianze dawa za dukani, kwa sababu dawa hizo huweza kukificha kijidudu kabla hakijapimwa. Maumivu ya ghafla na mguu kuonekana mfupi au umegeuka: huenda nyonga imechomoka, asilazimishwe kusimama. Uvimbe na maumivu ya ghafla ya muundi: apimwe siku hiyo hiyo. Kukosa pumzi au kuumwa kifua: ni dharura, asingoje asubuhi.

Mgonjwa aliyekwishapona naye asipotee. Kwa kawaida huonwa baada ya wiki 6, kisha baada ya mwaka, na baadaye kila baada ya muda kwa eksirei, kwani kifaa huweza kuanza kulegea kabla ya maumivu. Maelezo ya aina ya kifaa alichowekewa ayahifadhi pamoja na hati zake muhimu. Mwaka 2010 aina moja ya nyonga za chuma kwa chuma iliondolewa sokoni duniani kote baada ya kuonekana na kasoro, na waliokuwa na karatasi zao ndio waliotambuliwa kwa wepesi.

Hitimisho

Ndugu Wananchi, kwa ufupi yaliyoelezwa ni haya. Nyonga inayolika polepole ipewe muda, lakini isiachwe hadi mtu akashindwa kusimama. Nyonga iliyovunjika isipewe hata siku moja ya kusubiri. Hatari za upasuaji zipo na zinajulikana, na nyingi hupunguzwa kwa maandalizi yanayoanzia nyumbani. Mwenye maumivu ya kinena au paja kwa zaidi ya miezi mitatu anaombwa afike katika kituo cha afya kilicho karibu naye apimwe. Na kila mwenye mzee nyumbani anaombwa, usiku wa leo kabla ya kulala, atazame njia ya kuelekea chooni: kama ina giza, aiwekee taa, na kama inateleza, aitengeneze.